Sungura Dume wa Mwalimu Amezaa

Mpendwa mshauri,

Nakuandikia nikiwa nyuma ya kaunta, mlango nimeurudisha nusu kwa sababu jirani yangu Marcella ana macho, na shida niliyo nayo naomba unisaidie kuitatua kabla haijafika kwa wazee.

Mimi nauza wanyama wadogo hapa mjini Homa Bay: sungura, simbilisi, ndege wa kufugwa na wale samaki wa rangi wa kuwekwa kwenye kioo, na nilipoanza watu walinicheka sana, wakauliza ni nani ataliacha ziwa lote hili aje kununua samaki asiyeliwa, lakini siku hizi shule zinanunua na waliojenga nyumba za mawe wananunua, kwa hivyo duka lipo. Wikendi huwa siko, kwa maana mimi pia ni MC wa matanga, nina spika zangu na jenereta, nawe unajua huku kwetu mazishi ni Ijumaa na Jumamosi, na huwezi kumwambia mtu aliyefiwa akungoje umalize kulisha simbilisi. Ijumaa mchana nawawekea chakula cha gunia na nyasi kavu za kutosha, nafunga, narudi Jumatatu. Sungura mwenyewe hanywi maji, maji yake yako ndani ya majani, ndivyo alivyonieleza mzee aliyeniuzia wa kwanza pale sokoni Ogwedhi, nami huwaambia wateja vivyo hivyo, na si maneno matupu, kwa sababu nimefunga wikendi nyingi sana na Jumatatu nikawakuta wazima, wananitazama.

Sasa, mwaka jana alikuja mwalimu mmoja wa Kosele, Trizah, akitaka sungura wa kuwafundishia watoto wa darasa lake, nikamchagulia dume zuri la kijivu lenye kifua cheupe, na kwa vile lilikuwa likikaa limefumba macho nusu kama mtu anayesikiliza kesi, akaliita Jaduong', yaani Mzee. Alirudi kununua chakula, akarudi kuuliza habari za kucha, akarudi bila kuuliza kitu, na mimi si mtoto, nikaelewa, tukapendana. Sasa wazee wangu wamekubali kwamba mwezi ujao tutakwenda kwao kupeleka ayie, yale malipo ya kwanza ya kumwomba mama ya msichana akubali, na mimi sijawahi kupata bahati kama hii.

Shida ni kwamba kabla ya hapo Trizah alipata semina Kisumu, akaniachia Jaduong' nimtunze, pamoja na kibakuli chake cha maji, akaniambia nisisahau kukijaza, nami nikacheka kimoyomoyo, mwalimu anifundishe kazi yangu, nikakitumia kuwekea misumari. Wikendi hiyo nilikuwa na mazishi Uriri, makubwa, watu wengi. Jumatatu nilipofungua nilimkuta Jaduong' amelala ubavu, amekauka, na wengine wawili vivyo hivyo. Ugonjwa ulikuwa umeingia. Hata ng'ombe hufa, mshauri.

Ningemwambia siku hiyo yote yangeisha. Lakini alinipigia akiwa tayari kwenye gari la kurudi, na sauti yake ilikuwa na furaha, na nilipogeuka nikaona kizimbani sungura mwingine wa kijivu mwenye kifua cheupe, mdogo kidogo tu, kwa hivyo nikamtia Jaduong' kwenye mfuko wa simiti nikampitisha mlango wa nyuma, na jioni nikamkabidhi Trizah yule mwingine. Akasema mbona amepungua. Nikamwambia ni kwa kukukosa. Akanishika mkono, na nakwambia kweli, katika ule mwaka wote hakuwa amewahi kunishika mkono mbele ya watu.

Haukupita mwezi akanipigia simu wakati wa mapumziko ya saa nne.

"Clifford," akasema, "Jaduong' amezaa."

Akasema, "Wewe si ulisema ni dume?" Na hapo, mshauri, mlango wa uongo ulikuwa wazi na mimi nikapita, nikasema naona nilikosea, kwa sungura ni vigumu kujua. Alicheka hadi akampa mwalimu mwenzake simu aendelee kucheka kwa niaba yake. Siku hizi walimu wote wananiita Daktari. Kaka yake Benard alisimamisha pikipiki mbele ya duka langu, kuku wawili wakining'inia kwenye usukani, akaniambia mbele ya watu, "Omera shemeji, hebu nisaidie, hapa yupi ni jogoo na yupi ni mtetea? Usiharakishe." Nilivumilia. Mtu kuitwa mjinga si kifo.

Kinachoninyima usingizi ni neno la mama yake. Trizah aliniletea akitabasamu, kama zawadi. Alisema mama amesikia kisa chote akacheka, kisha akasema, "Asiyejua hufundishwa. Mwongo ndiye sitaki aingie bomani mwangu."

Na Marcella anajua. Marcella ni fundi wa nguo, kati yangu na yeye ni ukuta wa mbao, na asubuhi ile alikuwa anarudi kutoka safari akanikuta na mfuko wa simiti. Alipopata habari za watoto wa sungura alikuja akaegemea kaunta yangu akasema, "Yule mzee uliyemtoa kwa mfuko, naye kumbe alifufuka akawa mama?" Nilimwomba anyamaze. Akasema yeye hajasema kitu, anashona tu. Anachoshona ni nguo ya Trizah ya siku ya ayie.

Kwa hivyo naomba unisaidie kwa haya mawili. Je, nitamnyamazishaje Marcella? Na je, uongo ambao mtu amesema kwa sababu ya mapenzi nao ni uongo kama ule mwingine? Mimi nimekwisha kukubali kuwa mjinga maisha yangu yote, mradi nisiwe mwongo. Tafadhali jibu haraka, maana Trizah anataka kuniachia tena huyo Jaduong' na watoto wake wakati wa likizo, na Ijumaa hiyo nina mazishi Ogwedhi.

Ni mimi,
Aliyebanwa, Homa Bay


MSHAURI ANAJIBU

Ndugu yangu Uliyebanwa,

Swali la pili ni jepesi: ndiyo, ni uongo. La kwanza lilinipandisha gari kutoka Migori. Nimekuwa mwandishi wa habari muda mrefu kuliko nilivyokuwa mshauri, na nikisikia kwamba jirani ana macho, hutaka kujua yameona nini.

Nilikuja dukani kwako kama mteja. Nilikuonyesha sungura mweusi nikakuuliza kama ni dume au jike, ukasema jike, bila kumwinua. Nilikuuliza anakunywa maji kiasi gani, ukanihurumia. Haki yako niiseme: vizimba vimefagiliwa, na ndege wako wana mbegu na kivuli. Lakini samaki umewaweka dirishani panapopigwa na jua la alasiri, na mmoja alikuwa akiogelea kiubavu. Simbilisi wanalala chini ya sungura na kupokea yote yanayoanguka. Madume na majike umewachanganya, ndiyo maana huyo uliyempa Mwalimu alitoka kwako akiwa tayari na mimba. Yale majani ambayo unasema yana maji ndani yake niliyavunja kwa vidole yakawa unga.

Kisha nikaingia kwa Marcella anishonee kifungo. Sikumuuliza habari za mfuko wa simiti. Nilimuuliza habari za ukuta, kwa sababu nilikuwa nimeona ubao mmoja umetoboka nyuma ya vizimba vyako, na chini ya tundu kuna kikopo cha siagi kimefungwa kwa waya. Alinionyesha birika lake. Ijumaa ukishaondoka huingiza mdomo wa birika kwenye lile tundu akajaza kikopo, na Jumamosi hivyo hivyo, na Jumapili akitoka kanisani. Nilimwambia ana moyo mwema. Alikataa.

"Mimi sungura sipendi," akasema. "Wakiona kiu wanapiga mbao kwa miguu, du, du, du, na mimi hapa nataka kusikia cherehani."

Nikamuuliza kama kuna wikendi aliyowahi kukosa. Iko moja. Alikwenda Kehancha kumzika shangazi yake, akarudi Jumatatu asubuhi, akakukuta mlango wa nyuma.

Soma tena aya hiyo taratibu, ndugu yangu, kwa sababu biashara yako yote imo humo. Ugonjwa haukuingia dukani kwako. Sungura hunywa maji, tena mengi, hasa akilishwa vyakula vikavu chini ya bati la Homa Bay. Wako walikuwa wazima kila Jumatatu kwa sababu mtu mwingine aliwanywesha bila wewe kujua, nawe ukaugeuza wema wake, au tuseme usumbufu wake, kuwa elimu, ukawauzia watu elimu hiyo pamoja na mnyama. Mwalimu alikuachia kibakuli na maagizo. Ulitia misumari.

Kwa hiyo hilo swali la mjinga au mwongo limekwisha. Wewe ni yote mawili, na mama yake Trizah, kwa heshima zote, hakuwahi kufikiria kwamba mtu anaweza kuyabeba kwa mkono mmoja.

Nakuhurumia kwa kiasi. Nimekaa matanga mengi yasiyo na mtu wa kuyaongoza, na najua familia iliyofiwa inavyomtegemea mwenye sauti. Hakuna atakayekulaumu kwa kwenda. Lakini mnyama uliyemfungia kwa kufuli hawezi kwenda kujitafutia. Mbuzi wa jirani akikosa maji kwake atavunja ua aje kunywa kwako. Sungura aliye kizimbani anakutegemea wewe tu, na wewe Ijumaa unaondoka na ufunguo.

Fanya hivi. Leo, kabla ya chakula cha mchana, weka chombo cha maji katika kila kizimba, na samaki uwatoe dirishani. Usimnyamazishe Marcella; mpe ufunguo, mbele ya watu, na mkubaliane atalipwa nini kwa kazi ambayo amekuwa akikufanyia bure. Nenda ofisi ya mifugo, uwaombe wakuonyeshe namna ya kumtambua dume na jike. Ni jambo la kumgeuza mnyama na kuangalia, na watakucheka, lakini wewe umekwisha kuzoea kuchekwa. Watenganishe. Aliyeugua usimuuze. Halafu wapigie simu wote uliowaambia kwamba sungura hanywi maji, shule kwanza, uwaambie ulikosea. Usingoje wakupigie wao. Na Ogwedhi usiende mpaka umejua nani atabaki na wanyama.

Sasa Mwalimu. Usikubali kuachiwa sungura huyo na watoto wake kabla hujazungumza naye, maana ukikubali utakuwa unamdanganya upya, na safari hii hutakuwa na kisingizio cha simu iliyolia ghafla. Mwendee mwenyewe Kosele. Usimtume Benard wala usimwandikie ujumbe. Usianze na mapenzi, usianze na Uriri, na yale ya kumkosa uliyomwambia jioni ile uyafute kwa kinywa chako mwenyewe. Mwambie: "Jaduong' alikufa kwa kiu nikiwa nimemfungia dukani, nami nikakupa mwingine." Kisha nyamaza. Najua kunyamaza si kazi yako. Anaweza kukasirika, anaweza kulia, anaweza kukuuliza ni mara ngapi umemtazama usoni huku ukijua. Mjibu kila swali kama lilivyoulizwa, bila kupamba. Mwachie yeye aamue kama atampelekea mama yake habari hizi, kwa maana boma ni lao.

Inawezekana ukarudi Homa Bay bila mchumba. Sitakuficha hilo. Lakini mwanamke anayekwenda kupokelewa ayie ana haki ya kujua ni mkono gani alioushika.

Jambo la mwisho. Majina yenu nimeyabadilisha, ila mji wenye duka moja la sungura hauhitaji majina, na walimu wa Kosele ni wasomaji wangu wa siku nyingi. Jibu hili nimekutumia kwa simu leo mchana. Gazeti litafika sokoni kwao kesho na gari la asubuhi. Wewe fika kabla yake.