Kifuta Machozi Alichokichukua Baba

Mama yangu, shikamoo huko uliko.

Juzi nilipita Mkunya, penye kiwanja chetu. Banda halipo tena. Nikakukumbuka ukiwamwagia nguruwe wako mabibo na maganda ya mihogo, ukiwasemesha Kimakonde kama wakwe waliokuja kukutembelea, na jirani yetu Mama Salumu akikucheka kutoka kwake. Baba alikuwa Mtwara. Siku zile kila mtu aliambiwa biashara ni huria, naye akaenda kuitafuta, akaoa hukohuko. Nguruwe ndio walionisomesha.

Kisha ikaja homa ya nguruwe. Bwana mifugo akasema haina dawa, hata wazima lazima wauawe, na kwamba serikali itawapa wafugaji msaada wa dharura, kifuta machozi. Vijana wakaja na marungu. Ulimshika yule jike mwenye mimba ukawaambia, "Anzeni na huyu, asiwaone wenzake wakifa." Hukulia. Mama Salumu, ambaye dini yake haikumruhusu hata kuwagusa, alitandika mkeka barazani akakaa nawe mchana kutwa kama msibani. "Mama Agnesi," alisema, "mimi siwali, lakini jasho lako nalijua."

Msaada ulipotoka tulikwenda Newala kwa miguu. Ulivaa kitenge chako cha kanisani. Karani akakuuliza, "Mkuu wa kaya yuko wapi?"

"Ni mimi, baba."

"Mwanamume, mama. Mwenye nyumba alishakuja asubuhi, ameshachukua."

Tulimkuta baba stendi, amevaa koti la mtumba, anangoja gari la Mtwara. Nilimwamkia, akaitikia marahaba bila kunitazama. Ulimwambia kwa sauti ya chini, watu wasisikie, "Baba Agnesi, nipe japo ya kununulia kitoto kimoja cha nguruwe, nianze upya."

"Kule nako nina watoto," akasema, akapanda gari.

Tulirudi nyumbani kwa miguu. Mwaka ule niliacha shule. Wewe ukawa kibarua katika mikorosho ya watu, ukikohoa, ukisema ni vumbi tu. Hospitali nako walikuwa wameanza kudai malipo, ukakataa kwenda, ukisema utapona mvua zikinyesha. Zilinyesha juu ya kaburi lako.

Mama, baba yuko kwangu. Mke wake wa Mtwara alimfukuza alipopofuka, watoto wake wakamsukumia kwangu. Namkorogea uji, namfulia, namshika mkono kwenda chooni. Majirani wananisifu kuwa nina moyo. Hawajui kuwa wakati mwingine nasimama mlangoni namtazama tu, na yeye hajui kama nipo.

Jana alisema, "Mama yako alikuwa mwanamke mvumilivu sana."

Nikaweka bakuli chini, nikatoka nje. Nilimsikia akipapasa sakafuni kulitafuta. Sikurudi upesi.

Pumzika, mama. Mimi bado niko naye.

Kifungua mimba wako,
Agnesi