Mchezo wa Mkubwa Anapita

Nguvumali, Tanga
Ijumaa asubuhi

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo, Mama. Nakuamkia nikiwa nimesimama, karatasi nimeilaza juu ya kabati la vyombo la mke wa mjomba, kwa sababu tangu juzi kukaa kumenishinda. Nikikaa nainuka. Leo nimefagia ua mara tatu mpaka mke wa mjomba akaninyang'anya ufagio, akaniambia nitaumaliza mchanga wa watu.

Nawe Maua, mdogo wangu unayemsomea Mama barua hii, hujambo? Soma polepole, tena usiruke mahali, kama ulivyoruka kwenye ile barua yangu ya mwezi wa Ramadhani. Habari zilinifika.

Goti lako linaendeleaje, Mama? Yale mafuta niliyokuletea unajichua, au umeyaweka kabatini kwa ajili ya wageni? Na watoto wa chuo chako cha Kurani hawajambo? Sisi huku ni wazima, alhamdulillahi. Mjomba Juma kila asubuhi bado anapanda baiskeli kwenda kiwandani, ingawa mashine hazijawashwa tangu masika. Wanakaa ukutani na wenziwe, wanangoja kuambiwa neno, hawaambiwi, wanarudi. Ila madukani vitu vimejaa. Sabuni tuliyokuwa tukiipangia foleni toka alfajiri, sasa ipo ya kila rangi. Watu wanaishika, wanainusa, wanairudisha mahali pake.

Najua hukuniuliza habari za sabuni. Unangoja neno moja nami nazunguka. Mara ya mwisho uliponitaka nirudi Wete nishike chuo, maana goti halikuruhusu tena kukaa chini kutwa nzima na watoto, nilikuomba kitu kimoja. Nilikwambia: ningoje mpaka wale watoto wangu ninaowafundisha wafanye usaili wa shule. Wakichukuliwa, nikae Tanga niendelee na kazi. Wakikataliwa, nirudi kabla karafuu hazijaanza kuchumwa, na sitasema neno. Wewe ukakubali.

Usaili ulikuwa juzi, Mama. Wamekataliwa.

Ngoja nikueleze ilivyokuwa, maana ukisikia hilo peke yake utadhani sikufundisha.

Unawakumbuka watoto wenyewe, nilikwandikia. Ni wa Bwana Hemedi wa Mabawa, yule injinia aliyesomea kwa Warusi akakaa huko miaka mingi na akaoa huko huko. Mambo ya nchi ile yalipoharibika akarudi na mkewe, Larisa, na watoto wawili. Katya ana miaka saba, Misha hajatimiza sita. Walipofika hawakujua lugha yoyote ila Kirusi. Kazi ya uinjinia aliyoitarajia hakuipata, sasa anauza vipuri vya magari, lakini kichwani mwake watoto hao ni lazima waingie kwenye hii shule mpya ya kulipia, inayofundisha kwa Kiingereza tangu darasa la kwanza. Alisikia kwamba pale chekechea nilipokuwa nasaidia watoto wananipenda. Akanichukua. Akanipa miezi minane.

Siku ya kwanza nilifanya kama ulivyonilea. Nikawakalisha kwenye mkeka, nikasema neno, nao walifuatishe. Misha alinitazama, akasema "nyet", yaani hapana, akaenda kulala chini ya meza. Siku ya pili vilevile. Siku ya tatu nikaacha mkeka, nikachukua soksi mbili za mitumba nikazikunja zikawa mpira, nikatoka uani nikaanza kudaka peke yangu nikihesabu kwa Kiingereza. Sikumwita mtu. Nilipofika saba Misha alikuwa pembeni yangu, mikono mbele.

Tangu siku hiyo, Mama, hatukukaa chini. Namba tulizisoma kwa mdako, majina ya mwili kwa kuguswa na mpira, rangi kwa vizibo vya soda. Tulifungua duka uani, Katya muuzaji na Misha mnunuzi, wanabishania bei ya mawe kwa Kiingereza mpaka wanatoana machozi. Rede, ule mchezo wa kukwepa mpira, haichezwi na watoto wawili, kwa hiyo nikawafungulia lango watoto wa mtaani, kwa sharti kwamba anayetaka kuingia aseme neno la Kiingereza asilolisema jana. Asubuhi utawakuta wamejipanga nje, kila mmoja anakariri neno lake midomo ikimchezacheza. Bwana Hemedi alinung'unika kwamba yeye hakuniajiri nisomeshe Mabawa nzima. Lakini alipomsikia mwanawe anamkatalia uji kwa Kiingereza, alinyamaza.

Naipenda kazi hii, Mama. Sijawahi kukwambia hivi. Nilikwambia ni nzuri, nilikwambia ni ya heshima. Naipenda.

Sasa njoo kwenye kosa. Bibi yao, mamaye Bwana Hemedi, ndiye mwenye nyumba, na ni mtu wa heshima zake. Hakuwa na shida na Kiingereza wala Kirusi. Shida yake ilikuwa macho. Alinivuta jikoni siku moja akaniambia, "Mwanangu ee, hawa wajukuu zangu mbona wananikodolea? Naingia, wananitazama usoni kama polisi! Nawauliza jambo, wananijibu papo kwa papo kama tumelingana. Mama yao nd'o yuleyule, macho makavu. We mtoto wa Kipemba, umefunzwa ukafunzika. Nifunzie."

Nikaona ni jambo dogo. Nikatunga mchezo, nikauita Mkubwa Anapita. Watoto wanacheza lolote wanalocheza. Mimi najitanda kanga ya bibi, nakohoa, naingia kwa mwendo wa mtu mzima. Hapo kila mtoto anasimama alipo, anatoa shikamoo mara moja, mikono inakutana mbele, macho chini, kinywa kimefungwa. Anayeinua macho ametoka. Anayesema neno ametoka. Na ili mchezo ukolee, mkubwa huyo lazima awachokoze. Nikawa nawachokoza kwa Kiingereza, kwa maneno waliyoyajua sana ili iwe vigumu kujizuia: jina lako nani? Una miaka mingapi? Nini hiki mkononi mwangu?

Maua, kama umeshafahamu, usicheke. Mwache Mama afike mwenyewe.

Waliupenda kuliko michezo yote. Misha alikuwa anavimba mashavu mpaka anaiva, lakini hasemi. Bibi alikaa mlangoni kwake anatazama, ameridhika, akaniletea muhogo wa nazi. Ulikuwa mchezo wetu wa mwisho kila siku, karibu miezi mitatu.

Juzi tukaenda shuleni: Bwana Hemedi na suti yake, Larisa, watoto na mimi. Mwalimu mkuu ni mama wa makamo, Mshambaa, Mlutheri, mpole kabisa, shungi lake la kanga amelifunga vizuri kuliko langu. Akatuambia wazazi na mimi tungoje barazani, akawaingiza watoto ofisini. Mlango ulikuwa wazi nusu. Nikamsikia akikohoa. Wallahi, Mama, alikohoa, kwa sababu ya vumbi la chaki. Kisha nikawasikia wanangu wote wawili, pamoja, sauti safi: "Shikamoo!"

Halafu kimya.

Akawauliza majina yao, kwa Kiingereza. Kimya. Akawauliza miaka. Kimya. Akachukua kalamu akauliza nini hiki. Mwili wangu wote ulikuwa unajua kinachotokea humo ndani na miguu haikunyanyuka. Akawauliza tena, polepole, kwa upole, kama mtu anayembembeleza paka atoke uvunguni. Baadaye akawatoa, amewashika mabega, akamwambia Bwana Hemedi, "Baba, watoto wana adabu nzuri sana. Lakini hata kutaja majina yao hawawezi. Hatuwezi kuwachukua. Kuwaonea huruma itakuwa kuwaumiza."

Bwana Hemedi hakunitazama. Alitembea hadi langoni. Na Misha akanirukia kiunoni, uso unawaka kwa furaha, akaniambia, na yote haya aliyasema kwa Kiingereza, bila kukwama: "Tumeshinda, Mwalimu! Ametuuliza majina mara nne! Ametuonyesha kalamu! Hatukusema! Hakuna hata mmoja aliyetoka!"

Nikamwacha pale nikarudi mbio ofisini. Mwalimu mkuu alikuwa ameshakaa, anaandika. Maneno nilikuwa nayo mdomoni, yote: ni mchezo, mama, nimewafunza mimi, waite tena, cheka nao kidogo uwasikie. Akainua uso akanitazama. Nami, Mama, macho yakaenda sakafuni yenyewe. Nikasema shikamoo. Akasema marahaba, akangoja. Nikasimama nimeshika mikono mbele, kinywa kimefungwa, mpaka akaniuliza kama nimesahau kitu. Nikasema hapana. Nikatoka.

Nina miaka ishirini na minne.

Nyumbani Bwana Hemedi akaniambia kwa sauti ya chini, ambayo ni mbaya kuliko kelele, "Michezo. Miezi minane nimelipia michezo." Akaniambia nisije mpaka nitakapoitwa. Bibi akatoka chumbani akauliza kulikoni, alipoelezwa akashangaa: "Watoto wamesimama mbele ya mtu mzima kwa adabu, nyie mnawalilia? Hebu niondokeeni!" Larisa ndiye aliyenisindikiza langoni. Kiswahili chake bado kinachechemea. Akanishika kidevu akakiinua, akaniambia, "Mize, kwetu mtu akitazama chini, anaficha kitu. Wewe ficha nini?"

Nilikasirika, Mama. Nikatembea mpaka Makorora nikiwa na hasira, nikarudi mpaka Nguvumali nikiwa na hasira, mtu gani huyu asiyejua adabu. Ndipo nikaona kwamba nina kitu, na ninakuficha wewe.

Begi langu nimelifunga mara mbili na kulifungua mara mbili. Ahadi ni ahadi, na goti lako si uongo. Chuo kinataka mtu. Nakaa, nainuka, nasema nirudi, nasema nisirudi. Jana watoto wa Mabawa watatu walikuja mpaka hapa Nguvumali kwa miguu, wakasimama nje ya dirisha la mjomba, kila mmoja akasema neno lake jipya la Kiingereza, wakangoja niwafungulie. Nikawafungulia. Tulicheza mpaka adhuhuri.

Kuhusu chuo, Maua anasoma vizuri kuliko mimi, nawe unalijua hilo. Unasema anacheka mno. Mimi naona watoto wangekaa kwenye mkeka wake bila kuangalia mlango. Maua, hili silisemi kwa kuwa wewe ndiye unayesoma, wala usilitie chumvi.

Nafasi za shule zinafungwa wiki ijayo. Jumatatu asubuhi nitakwenda kwa yule mwalimu mkuu, nimwambie kosa ni langu, nimwombe watoto waitwe tena, naye atoke nje nusu saa tu awatazame wakicheza. Huenda akakataa. Huenda Bwana Hemedi asinirudishe hata akikubali. Lakini nitakwenda, na nitasema nikimtazama. Wakiniita macho makavu, na waniite.

Ila siwezi kuanza na yeye. Toka nizaliwe sijamwambia mkubwa jambo nikimtazama, wala wewe.

Kwanza nimalize salamu. Nisalimie Baba Mdogo Faki, umwambie kofia yake aliyoagiza nimeipata. Nisalimie Shangazi Bimkubwa wa ng'ambo ya bonde aliyenisuka nilipokuwa naondoka, na Bi Chumu jirani yetu, mkunga aliyetupokea sote. Wanachuo wako wote nawasalimu, hasa wale wa nyuma kabisa wanaosinzia. Mjomba Juma na mkewe wanakusalimu sana.

Sasa Maua, sikiliza, mdogo wangu. Ukifika hapa usiinamishe uso. Najua na wewe umefunzwa, tulikaa mkeka mmoja. Inua macho umtazame Mama usoni, kwa niaba yangu, kisha msomee: Mama, naomba uniachilie ahadi yangu. Sitaki kurudi.

Na usiangalie chini mpaka ajibu.

Mwanao akupendaye,
Mize