Mashine ya Kubebwa na Wanawake

Gomani, Tumbatu
24 Novemba 1971

Kwa mwanangu Shaame,

Salamu nyingi, na baada ya salamu nakuuliza hali yako, kifua chako, na kula yako huko mjini. Sisi hatujambo kwa uwezo wa Mungu. Bibi yako Mwatum anakusalimu, macho yake yaleyale. Shemeji yako Usi anakusalimu. Kazija dada yake Usi anakusalimu, anasema umemsahau. Dada yako Sichana anakusalimu sana, na yeye ndiye alonifanya nishike kalamu, mwandiko wangu unaujua.

Shaame, Sichana ana mimba tena. Miezi saba. Wawili wa kwanza unajua tulivyowazika. Uchungu ulimkamata huku kisiwani, daktari yuko ng'ambo Mkokotoni, tukapiga makafi mpaka viganja vikatoka damu na mkondo unaturudisha. Mkunga kaniambia, "Bi Mize, safari hii akichelewa hatozikwa mtoto peke yake."

Sasa ushirika wa wavuvi umekubaliwa kupewa mashine moja ya mashua, na wamesema uchague wewe, kwa kuwa ndiye fundi. Usi anataka ile isiyochanganywa mafuta. Mie sijui tafauti. Nambie ipi itamfikisha mwanangu.

Mama yako,
Mize


Unguja Mjini
29 Novemba 1971

Mama, shikamoo. Mie mzima, kazi za gereji nyingi, na ruhusa hatupati mpaka Idi ya Mfungo Tatu, mwisho wa Januari. Nisalimie bibi na Sichana. Kazija mwambie sijamsahau, nimesahau sura tu.

Mashine zipo mbili. Moja ya mapigo manne: kimya, haili petroli sana, na oili yake inakaa mbali na petroli, tumboni mwake. Lakini nzito, ratili mia na arubaini. Ya pili ya mapigo mawili: kelele na moshi, ila ratili arubaini tu. Hii haina pahala pa oili. Oili unaichanganya ndani ya petroli, na ukikosea inajikaba ikafa. Usi ana haki. Nnachagua ya mapigo manne.

Mwanao,
Shaame


Gomani
4 Desemba 1971

Shaame mwanangu, marahaba. Hatujambo sote, isipokuwa goti la Kazija, ntakueleza.

Nani ataibeba hiyo ya manne? Mashine hailali mashuani, kila siku inarudi nyumbani. Na mwisho wa mwezi huu wanaume wanakwenda dago, wanahamia kambi za uvuvi huko Pemba, hawarudi kabla ya Idi. Atakayebaki ni mie na Kazija. Basi tukatia mchanga guniani, tukapima kwa mizani ya duka, ratili mia na arubaini, tukanyanyua. Hatukufika pwani. Kwenye mawe Kazija kaanguka, gunia juu yake, ananambia, "Bi Mize, hii mashine au mume?" Nilicheka, halafu nikalia. Usi kapima mafuta, hakupima wanawake.

Leta ya ratili arubaini. Na huko kuchanganya nipimie kwa kopo la maziwa, tarakimu zenu siziwezi.

Mama yako,
Mize


Unguja Mjini
15 Desemba 1971

Mama, shikamoo. Umenishinda. Gharib, yule dereva wa Mkokotoni, anakuja nayo kwenye lori lake, pamoja na galani moja ya oili. Makopo kumi ya petroli, kopo moja la oili, kisha utikise. Usi kanitumia maneno kwamba fundi wa ushirika siku hizi ni mama yangu. Nimemjibu ni kweli.

Mwanao,
Shaame


Unguja Mjini
6 Januari 1972

Mama, shikamoo. Barua yako imenifika, kwamba Usi na wenziwe wamekwenda dago, mashine wamekuachieni, lakini oili yote wameimaliza kwa kuvulia kabla hawajaondoka. Mama, oili mjini hakuna. Nimepita duka kwa duka, wanasema meli haijaja. Nnaendelea kutafuta. Msitie kitu chengine chochote mle ndani. Sichana vipi?

Mwanao,
Shaame


Mkokotoni
12 Januari 1972

Shaame,

Uchungu ulimshika Sichana jana asubuhi. Damu ilitangulia. Oili haikuja, na sikulaumu. Nikachukua mafuta ya nazi, yale ya nywele, nikapima kopo moja kwa kumi, nikatikisa. Mashine tuliibeba mbio, Kazija akavuta kamba, ikaitika mara ya pili. Moshi wake unanuka vitumbua. Tulikwenda, Shaame, tulikwenda kama watu! Katikati ya mkondo ikalia kama mbuzi anayechinjwa, ikanyamaza, kamba haikuvutika tena. Nimeiua mashine ya watu. Tukashika makafi. Mtoto katoka mashuani, mikononi mwangu, wa kike, analia hata sasa nnapoandika. Kazija kenda kumtafutia mwenye maziwa.

Sichana hakufumbua macho. Daktari wa hapa kasema damu imekwenda nyingi, apelekwe hospitali kubwa mjini, wakamlaza garini. Mie hawakunichukua, pahala hapana, na mtoto ningemwacha na nani? Nikikaa nasema, bora ningewaachia wanaume ile yao ya manne. Nikisimama nasema, ile tungekuwa bado tunaikokota mchangani. Wewe fundi, ingefika? Hapana, hilo usinambie.

Gharib anakupa barua hii mkononi. Acha kazi, nenda hospitali, ulizia mwanamke wa Tumbatu aliyeletwa jana bila ya mtoto wake. Gharib atakungoja Darajani mpaka alasiri. Usinisalimu, usiniulize hali. Andika jina la dada yako na neno moja mbele yake, yupo au hayupo, umpe Gharib arudi nalo leo leo.

Mama yako,
Mize