Vidonge Ndani ya Mzinga Wako

Baba,

Shikamoo. Nakuamkia kwa sababu ndivyo ulivyonilea, si kwa sababu moyo wangu umetulia. Kabla hujaisikia kwa mwingine huko uliko, bora nikuambie mwenyewe: Jumamosi iliyopita, pale Usinge, mbele ya Shangazi na kikundi kizima cha warina asali, nimeitoa siri yako. Nimewaambia kwamba hukuwa unameza dawa. Nimekuvua nguo hadharani, Baba, na hasira zangu na wewe bado hazijaisha.

Ngoja nianze mwanzo, maana hukupenda mtu anayeanzia habari katikati.

Tulipokuzika, msiba mzima ulisema dawa za presha ndizo zilizokuua. Shangazi alilia kwa maneno hayo hayo: kaka yangu alikuwa mzima, anapanda miti, wakampa vidonge, akapigwa kiharusi. Nami niliamini. Si nilikuwa shahidi? Kila mwezi ulikuja kwangu mjini, Cheyo, kwa treni, nikakupeleka kliniki, ukapokea kibahasha chako, ukakitia mfuko wa shati, ukaniaga. Nilijilaumu kwamba ni mimi niliyekupeleka.

Ilipofika arobaini nikapewa kazi ya kuushusha mzinga wako wa kwanza, ule uliokuwa nyuma ya nyumba, wenye alama yako ya mikato mitatu. Kwetu mzinga wenye alama ya mtu haufunguliwi na mwingine. Hata mke haugusi. Ulilijua hilo kuliko sisi sote, ndiyo maana ukauchagua. Nikatia mkono nikitegemea masega makavu, nikatoa mfuko wa nailoni. Ndani vibahasha vya kliniki vimepangwa kimoja juu ya kingine, kila kimoja kimeandikwa 1 × 1, kidonge kimoja kwa siku, na vidonge vyote vimo. Vya chini vilikuwa vimeota ukungu.

Nilikaa chini palepale nikacheka kama mwehu. Kisha nikakuchukia. Nisamehe, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Sababu naijua. Dawa za mwanzo ulizimeza, zikakupa kizunguzungu ukiwa juu ya mti. Mara moja tu uliniambia, ukiniita mama kwa kilugha chetu, "Mayu, hizi dawa zinanionyesha matawi mawili palipo na moja." Nikasema twende tukamwambie daktari, zipo dawa za aina nyingine. Ukaruka juu: "Babu wa babu yangu alibeba pembe ya ndovu begani kutoka hapa mpaka pwani kwa miguu, leo kidonge hiki ndicho kitanishinda?" Nikacheka. Mjinga mimi, nikadhani maana yake ni kwamba utameza! Wewe huyo huyo uliyekuwa ukiwasema wenzako kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Eti na wewe.

Ule mfuko niliuficha sandukuni ili nikulindie heshima. Miezi haikupita mingi moyo ukaanza vituko. Niko sokoni nachagua nyanya, ghafla kifua kinabana, mikono inakufa ganzi, najua kabisa nakufa sasa hivi kati ya matenga. Watu wakasema majini. Wengine wakasema nimerithi presha. Nilipimwa kila kitu, moyo ukakutwa mzima. Daktari mmoja, binti mdogo ninayeweza kumzaa, akanisikiliza mpaka mwisho, akasema huu ni ugonjwa wa wasiwasi, una jina na una dawa. Akaniambia, "Mama, wiki za mwanzo zitakusumbua. Zikikuzidi usiache mwenyewe, njoo uniambie."

Zitakusumbua! Alichagua neno la adabu. Asubuhi kichefuchefu kama mimba, na umri wangu huu. Kikombe kinagonga sahani kwa jinsi mikono inavyotetemeka. Jasho linanitoka nikiwa nimekaa tu kivulini. Miayo ndiyo usiseme: Padri anahubiri, mimi nimeachama kama kiboko, mpaka mama wa kiti cha mbele akageuka kuniangalia. Nayavumilia hayo yote. Lakini ulimi, Baba! Kila ninachotia mdomoni kina ladha ya msumari.

Na ulimi ndiyo kazi yangu, wewe ndiye uliyenipa. Tangu nikiwa msichana uliniamsha nionje asali kabla ya chai, kabla ya mswaki, tone moja chini ya ulimi, macho nifumbe, ningoje. Ulinifundisha kuijua iliyoungua kwa moshi, iliyotiwa sukari, na ile changa iliyorinwa kabla nyuki hawajaziba masega. Mashine ya kupimia maji yaliyomo kwenye asali kikundi kinayo, lakini wenyewe wanasema mashine haina ulimi wa binti yako. Sasa dawa yangu ni ya asubuhi, tena lazima nile kwanza. Basi nikala uji, nikameza, nikaenda kuonja. Unaona wewe mwenyewe mambo yalivyokwenda.

Mwezi uliopita nikapitisha ndoo ya asali changa. Ikamiminwa kwenye pipa pamoja na asali ya warina wengine. Baada ya siku chache pipa likatoa povu na mfuniko ukavimba. Pipa zima limechacha, Baba, jasho la msimu mzima la watu wa Usinge, wamepanda miti na kuumwa na nyuki, nami ndiye niliyeionja nikasema nzuri.

Jumamosi nikaenda kuomba radhi, kikundi kimekutana uani kwa Shangazi. Hawakunifokea, na afadhali wangenifokea. Mwenyekiti akauliza kwa upole, "Binti yetu, imekuwaje?" Nikasema ukweli, kwamba nimeanza dawa za wasiwasi na zimenivuruga ulimi. Hapo ndipo Shangazi aliposimama. "Zitupe! Leo hii! Zilimuua kaka yangu, sasa zinamla mwanawe ulimi. Nimeshazika mmoja, wa pili simziki kwa ajili ya dawa za hospitali." Wote wakaitikia kwa vichwa. Hata mwenyekiti.

Nikuambie jambo ambalo sijamwambia mtu mwingine? Nilitaka kumtii. Tena nilikuwa nimeshamtii kabla hajasema. Tangu siku niliyosikia habari za pipa sikuwa nimemeza, siku tatu. Kila asubuhi nilimwonyesha mume wangu kidonge mkononi, akigeuka nakifunga kwenye pindo la khanga. Vilikuwepo pale pale kiunoni, vitatu pamoja na cha asubuhi ile, nami nimesimama mbele ya watu na kichwa kinazunguka na moyo umeanza tena mbio zake. Nikavigusa. Nikajiona nilivyokuwa, Baba. Nilikuwa nimeshakuwa wewe.

Ndipo nikasema. Sikupanga. Nilipayuka, "Shangazi, kaka yako aliacha kumeza vidonge zamani! Vyote nilivikuta ndani ya mzinga wake!" Akaniita mwongo. Akasema namchafua marehemu asiyeweza kujibu. Nikamwambia mfuko uko Cheyo sandukuni kwangu, aje auone kwa macho yake. Kelele zikawa kelele, kila mtu anasema lake.

Akanyanyuka rafiki yako Mzee Masanja, yule mliyekuwa mnakwenda naye porini kurina. Unamjua asivyo mtu wa maneno. Akavua kofia, akasema, "Mwacheni mtoto. Hasemi uongo. Na za kwangu zimo mzingani. Marehemu ndiye aliyenielekeza."

Mkewe alimtazama, Baba, sijui niseme alimtazama vipi. Miaka yote hiyo anampikia bila chumvi, anamkumbusha dawa, mzee anasema nimekunywa. Kumbe hukujiua peke yako. Ulikuwa unamvuta na mwenzako, ukamfundisha na pa kuficha! Ungekuwa hai siku ile, wallahi, heshima yote ningeiweka pembeni.

Shangazi hakunitazama. Aliingia ndani akarudi na bakuli la uji na kikombe cha maji, akaviweka mbele yangu kwa kishindo. "Meza nikuone." Nikafungua pindo mbele yao wote, nikameza kimoja. Vingine nikavirudisha, kwa kuwa daktari alinionya nisijaribu kufidia. Sikuona fahari yoyote.

Jumatatu nikarudi kwa daktari nikamweleza yote, hata habari za khanga. Hakunigombeza. Amenipunguzia kipimo, tutapanda polepole, na nitameza baada ya chakula cha jioni. Nilipomuuliza kuhusu ulimi akasema kwa wengi ladha hurudi, ila hawezi kuniahidi. Kuonja amepewa mke wa Mzee Masanja, na mashine imetolewa kabatini. Wameniambia ni kwa muda tu. Inaniuma, sikufichi, inaniuma kuliko kichefuchefu chote. Lakini juzi nilikwenda sokoni, nikachagua nyanya mpaka nikamaliza, nikalipa, nikarudi nyumbani kwa miguu yangu.

Mzee Masanja alikwenda kliniki Jumatano, mkewe kamshika mkono kama mtoto. Shangazi hapokei simu zangu. Nasikia anasema nimekuaibisha kaburini. Huenda. Lakini niambie, ningefanyaje? Ningenyamaza, tuje tuzikane mmoja mmoja huku tukilaani hospitali?

Nakuaga, Baba. Nakupenda na sijakusamehe, na sioni ajabu yoyote kuwa navyo vyote viwili. Dawa yangu nitaimeza mume wangu na wanangu wakiona. Ikinishinda nitamwambia daktari. Siku moja hasira hizi zitapoa, nami nitakuja kukung'olea majani kaburini na kukuimbia. Kulala hapo kando yako, hapana, si karibuni. Pumzika, Baba. Usinisubiri.

Binti yako,
Perpetua