Marufuku ya Kugonga Madebe

Jumanne, Juni

Shamba limekwisha. Tembo walishuka jana usiku kutoka msituni. Mahindi mengine wameyala, mengine wameyakanyaga tu.

Nilikuwa macho, nawasikia wakivunja mabua. Debe la kuwafukuzia lilikuwa miguuni pangu na sikuligusa. Wiki iliyopita balozi wetu wa nyumba kumi alipita kila mlango: "Marufuku kugonga madebe usiku. Wageni wa hoteli hawalali. Atakayegonga atatozwa mbuzi." Mbuzi ninaye mmoja, ndiye ninayemkamua.

Wageni wenyewe wamekuja kuangalia tembo! Wangelala kwangu wangewaona bure.

Na watoto watakula nini mpaka...

Asubuhi balozi kaja kunipa pole. Kasimama katikati ya shamba, anatikisa kichwa. "Sasa mama, mbona hukupiga kelele tuje tukusaidie?"