Mutoto Ameota Meno, Jina Hana

Mpendwa Mama Mushauri,

Nakusalimia sana, na naomba unisaidie, maana hapa Kibabi kila muntu ananipa shauri lake na hakuna hata moja linaloniingia. Mwana wangu Gatera njo anauzisha sabuni ya duka moja kubwa la Goma, wamemupa baiskeli, kinga mpya yenye taa na kengele, anaipanda mulima kwa mulima mpaka Pinga, na usifikiri nasema hivi sababu nimemuzaa, lakini hata muntu asiyependa kuoga akimusikia Gatera atanunua vipande viwili. Sasa bibi yake Léontine amezaa mutoto mwanaume, muzuri kama baba yake, na kwetu baba njo anaita mutoto jina, jioni, watu wamekusanyika, lakini patro, mwenye duka, amesema Gatera asirudi na sabuni hata moja ndani ya sanduku, basi analala kwa mabaraza ya watu, mvua inamunyeshea, na mutoto ameota meno, majirani wanamuita Kasabuni! Alipita hapa siku moja tu, nikafurahi, nikamuzungusha kilima chote watu wamuone na kinga yake, akauza mpaka giza, akalala, asubuhi akaenda. Nikamwambia Léontine, "Basi mimi nyanya yake nitamuita jina." Akajibu polepole, "Mama, ukiita wewe, watu watauliza Gatera alizikwa wapi." Niite, ao ningoje?

Mama Gatera, Kibabi

Mama Gatera,

Pole, na hongera kwa mujukuu. Patro yuko na kosa. Lakini siku ile Gatera alipokuja, patro alikuwa Goma. Nani alimuzuia kijana kukaa na mutoto wake? Wewe, Mama! Baba alirudi nyumbani, ukamufanya muchuuzi.

Usiite jina. Léontine amesema kweli. Tuma neno kwa dereva wa kamio ya Pinga: "Mutoto anakungoja." Usiongeze ugonjwa wa uongo. Na Gatera aombe patro siku za kupumuzika. Kinywa kinachouzia sabuni wasiopenda kuoga hakitashindwa na patro mumoja.

Akifika, kinga uifungie kwa zizi la ng'ombe. Sanduku ulikalie. Jirani akiomba sabuni, umwambie duka limefungwa. Halafu umupe mutoto mikononi, na wewe, Mama, siku hiyo usimusifu hata kidogo. Nyamaza, asikie mutoto wake akilia, atafute jina.

Mama Mushauri