Mama mkwe amekalia kiti changu cha ualimu

Mpendwa Maman Micheline,

Nakusalimu sana, na naomba unisaidie upesi kwa sababu Jumapili ya mwisho ya mwezi huu ndiyo sherehe ya kutoa brevet, yaani vyeti, kwenye masomo yetu ya jioni, na usiponijibu kabla ya hapo nitaaibika mbele ya watu wote wa Muhumba, ama kwa kusema ama kwa kunyamaza, na sijui aibu ipi ni nafuu.

Mimi ni kijana, mwalimu wa Kiingereza. Mchana nafundisha shuleni, jioni nafundisha watu wazima katika chumba tunachoazimwa na parokia, watu wanaotafuta kazi, wafanyabiashara wanaovuka mpaka, dereva mmoja anaitwa Benoît, na darasa langu lilikuwa zuri mpaka siku mama mkwe wangu alipokuja kujiandikisha. Bado hajawa mama mkwe kamili, maana mahari ya binti yake Mélanie, ile dote, wazee wake wametupangia kuitoa mwezi ujao, lakini kwetu heshima haingoji dote. Tangu nilipopelekwa kwao kujulishwa sitaji jina lake, sili mbele yake, simpingi neno, na nikikutana naye barabarani nampisha. Ndivyo nilivyolelewa na sioni ubaya.

Sasa fikiria mtu huyo anaingia darasani kwako na daftari jipya kifuani. Chaki iliniponyoka, na kwa kuwa madawati yote yalikuwa yamejaa, mkono wangu ukafanya kitu kabla kichwa hakijapata habari, nikamvutia kiti changu, kile cha mwalimu, nikakiweka mbele kabisa karibu na ubao, naye akanishukuru, akakaa akiwatazama wanafunzi, na tangu jioni ile hajakiachia. Anakaa pale kama préfet mwenye shule, mimi nafundishia pembeni karibu na mlango. Wanafunzi wapya wakifika wanamsalimu yeye wakidhani ndiye mwalimu, na mimi wananiuliza choo kiko wapi.

Tungeendelea hivyo hivyo kama tusingefika kwenye somo la vitu vinavyohesabika na visivyohesabika. Pengine unajua, na kama hujui nakwambia, Kiingereza kina vitu kinavyokubali kuvihesabu, kama kiti na ndizi, na vingine kinavikataa, kama mchele, mkate, maji, habari, fanicha za nyumbani, hata ushauri huu ninaokuomba, huwezi kusema moja, mbili, tatu. Kwa watu wa hapa ni somo gumu maana Kifaransa tulichosomea kinavihesabu vingi kati ya hivyo bila shida. Nikaandika ubaoni, nikauliza nani atajaribu. Mama mkwe anauza mchele na unga kwenye soko la Nguba, sauti yake imezoea kushindana na soko zima, akajibu peke yake: "two breads, three rices, many informations", akaendelea mpaka fanicha zote za sebuleni kwake. Kisha akanigeukia kwa utulivu, akaniuliza, "Mwalimu, iko muzuri ama haiko muzuri?"

Darasa lote likanitazama. Nikasema, "Iko muzuri sana, maman."

Basi, neno hilo limenimaliza. Darasa zima lilirudia baada yake, yeye akiongoza kwa kidole, nami nikawa nafuta ubao polepole ili wasinione uso. Siku iliyofuata nilijaribu kulirudia somo kwa kuzunguka, nikasema kuna watu wanasema hivi na kuna wanaosema vile, yeye akasema hao wa vile hawajafika sokoni, kwamba mchele anauhesabu kwa makopo kila siku ya Mungu na hajawahi kuona mchele uliokataa kuhesabiwa, na kwamba kitu kisichohesabika anakijua kimoja tu duniani, nacho ni visingizio vya wanaume. Wanawake wa darasa wakapiga makofi. Mimi ni mwanaume, nikafungua ukurasa mwingine.

Halafu Benoît akaitwa kwenye mahojiano ya kazi ya udereva katika shirika moja, akakitoa Kiingereza chote alichojifunza kwetu, akarudi amenuna na kazi hakupata, akaniuliza mbele ya wote kwa nini yule bwana wa mahojiano alikuwa anatabasamu kila aliposikia "informations". Mama mkwe yuko kwenye kiti chake, yaani changu, ananisikiliza. Nikamwambia Benoît kwamba duniani kuna Kiingereza cha aina nyingi.

Akanijibu, "Basi utufundishe ile yenye kuleta kazi."

Nimemweleza Mélanie. Anasema nisithubutu, kwamba mama yake akiaibishwa mbele ya watu wajomba watajua kabla foufou ya jioni haijaiva na dote itasogezwa mpaka sijui mwaka gani, kwa hiyo nivumilie mpaka harusi ipite, baada ya hapo nitamsahihisha ninavyotaka. Lakini Mélanie namjua, harusi ikipita ataniambia ningoje mtoto azaliwe.

Na sasa limekuja kubwa zaidi. Darasa limemchagua mama mkwe asome maneno ya shukrani kwa Kiingereza siku ya brevet, mbele ya padri na mbele ya papa Jean-Claude mwenye kituo cha masomo haya ya jioni, ambaye Kiingereza anakijua vizuri, na binti mkubwa wa mama mkwe, Adèle, aliyeko Australia atakuwa anasikiliza kwenye simu pamoja na watoto wake, maana hao wajukuu hawajui Kiswahili wala Mashi, ni Kiingereza tu, na nasikia bibi yao akijaribu kuongea nao wanamcheka kidogo halafu wanampa mama yao simu, ndiyo sababu akaja kusoma, lakini hilo ni jambo la kwao, shida yangu mimi ni hiyo hotuba. Amenisomea yote. Imejaa "breads" na "advices", hakuna sentensi iliyopona. Akaniuliza kama kawaida yake, maana kila jioni tukitoka ananingoja langoni na kuniuliza, "Mukwe, leo sikukosea hata kidogo?" nami najibu, "Hata kidogo, maman," naye ananiangalia, halafu anajifunga kitenge chake vizuri na kwenda zake.

Nikimsahihisha nampoteza Mélanie. Nisipomsahihisha, papa Jean-Claude atasikia kwa masikio yake ninachofundisha, na darasa nitanyang'anywa. Nifanye nini? Nipe ushauri, na kwa kuwa kwa Kiingereza hauhesabiki, nipe mwingi.

Ni mimi,
Mwalimu Asiye na Kiti, Muhumba, Bukavu

*

Mwalimu Asiye na Kiti,

Pole sana, mwanangu. Barua yako imenichekesha mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini, nikamsomea, tukacheka wote wawili. Alipoondoka nikaisoma tena peke yangu, na safari hii kicheko hakikuja. Nitakuambia kwa nini, lakini kwanza acha nikugombeze kidogo maana unastahili.

Heshima yako kwa mama mkwe naipenda. Kijana asiyekula mbele yake, anayempisha njiani, huyo amelelewa na watu, na wazazi wako wakipita kwangu nitawapa mkono. Lakini mila ilikuomba umpe kiti. Haikukuomba umpe na kazi. Uliposema iko muzuri pale ubaoni hukumheshimu, ulijiokoa wewe, kisha ukaliita jambo hilo heshima ili likae vizuri tumboni. Na aliyelipia ni Benoît. Ulimwacha mtu mzima aende kutafuta kazi na maneno uliyoyajua kuwa mabovu, akarudi kukuuliza kwa adabu, ukamwambia Kiingereza kiko cha aina nyingi! Hapo nilitaka nikuvute sikio. Yeye umwombe radhi wa kwanza, na umfundishe upya bila kumtoza.

Mélanie usimlaumu sana. Anawaogopa wajomba, na wajomba wa watu wanaogopesha kweli. Lakini nyinyi wawili mmekaa mnapanga namna ya kumficha mama jambo lake mwenyewe, na hakuna hata mmoja aliyefikiri mama anataka nini. Wewe ulikuwa umelijua. Umeliandika kwa mkono wako, katikati ya sentensi ndefu, ukalipita mbio: wajukuu wanamcheka, halafu wanampa mama yao simu. "Hilo ni jambo la kwao," unaniambia.

Mwanangu, hilo ndilo jambo lenyewe. Mwanamke anayefunga meza yake sokoni mapema, anabadili kitenge, anakwenda kukaa darasani na watu wa umri wa watoto wake, hakufuata brevet. Ana wajukuu ambao pengine hajawahi kuwabeba, na kila akijaribu kuongea nao wanampita kwenye simu bila kumsikia. Anataka mmoja wao abaki hapo dakika chache amjibu. Wewe una hicho anachokitaka, na kila jioni unamrudisha nyumbani bila nacho, huku ukiwa na adabu nyingi. Imeniuma, nakuambia kweli.

Na lile swali la langoni, hukulisikia? Mtu mwenye uhakika haulizi kila siku kama amekosea. Anakuuliza kwa sababu wale watoto wameshamwonyesha. Unaposema hata kidogo, anakuangalia, kwa kuwa anakungoja umwambie. Bukavu hii imejaa masomo ya Kiingereza, na mengine lazima yako karibu na kwake kuliko lako. Akaja kwa mukwe wake, kwa sababu mukwe ndiye mwalimu pekee mjini ambaye hawezi kumcheka. Hukumcheka, sawa. Lakini na kumfundisha hukumfundisha.

Sasa sikiliza utakavyofanya. Darasani usimguse kabisa, Mélanie ana haki katika hilo. Jumamosi hii mchana nendeni kwake pamoja, Mélanie akae katikati yenu kama inavyofaa, na kama macho yanakushinda tazama mkeka, hakuna aliyesema kusahihisha ni lazima kwa macho. Sema wewe, usimtume Mélanie: "Maman, mi nilikudanganya. Ile hotuba haiko muzuri. Tuitengeneze pamoja." Ukianza kuzunguka na wale wako wa hivi na wa vile, atakufukuza, na atakuwa na haki.

Kisha mwombe unga kidogo na kopo lake la sokoni. Umwage unga kwenye sinia, umuulize ni unga wangapi. Halafu uujaze kwenye kopo, umuulize ni makopo mangapi. Mwambie Waingereza nao wako hivyo hivyo, unga wanauacha, wanahesabu kopo. Mkate wanauacha, wanahesabu vipande. Atakuwa ameelewa kabla hujamaliza kumimina, na nakuonya atakugombeza kwa kumwagia unga wake ovyo. Vumilia, huo ndio ukwe.

Kama atakasirika? Atakasirika, ndiyo, pengine mpaka chai ichemke. Anayekasirika ndani ya nyumba yake, mbele ya binti yake na mukwe wake tu, hana aibu ya kuwapelekea wajomba. Lakini akisimama siku ya brevet na hotuba ile, wajukuu wakamcheka kwenye simu huku padri anasikia, halafu akakumbuka kwamba wewe uliisikiliza yote na kusema ni nzuri, hapo hata mimi sitakutetea kwa wajomba.

Jumatatu beba kiti kingine kutoka kwako, kizuri, chenye mto, ukakiweke mstari wa mbele upande wa wanafunzi. Mwambie ni chake na hakuna mwingine atakayekikalia. Kile cha mwalimu ukirudishe mahali pake ukikalie. Darasa lirudie lile somo tangu mwanzo, uwaambie uliwafundisha vibaya, usitaje mtu.

Uliniomba ushauri mwingi kwa kuwa hauhesabiki. Mimi si Mwingereza, wa kwangu nauhesabu, na ni mmoja: mwambie ukweli sasa hivi, akiwa bado ana siku za kujizoeza.

Na sherehe itakapofika, simu ya Australia ikishawekwa juu ya meza, usihangaike na uso wa papa Jean-Claude. Sikiliza simu. Ukisikia mtoto anamjibu bibi yake mwenyewe, bila kumwita mama yake, ujue dote umeshaanza kuitoa.

Maman Micheline